Watu Kumi na Mmoja wa Jina la Cazedarré

Fabrice Cazedarré alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya kahawa ya kituoni, na kila kikombe kilimfanya aongeze uongo.

"Nimekwambia, Inspekta. Jana asubuhi nilikuwa nyumbani kwangu Toulouse. Napiga rangi ukuta wa stoo."

"Saa tano?"

"Saa tano, saa sita. Ukuta mkubwa ule."

Inspekta Corinne Vasseur alimsogezea karatasi iliyotoka kampuni ya simu. "Saa tano na dakika kumi simu yako ilikuwa Lourdiac, karibu kilomita mia mbili kutoka kwenye huo ukuta. Ilipanda basi yenyewe?"

Fabrice alikuwa fundi vigae mstaafu, miaka sitini na sita, kichwa kimejaa mvi, bereti kaikunja mfukoni, na gari lake dogo jeupe la mizigo lilikuwa limeegeshwa uani. Kila kitu alichokuwa akikitafuta Vasseur kilikuwa kimekaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, isipokuwa mtoto.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika arobaini, Jumatatu ya Pentekoste.

Mtoto aliitwa Anouk Dartigue na alikuwa na miaka tisa. Jana yake, Jumapili, alikuja na mama yake kwenye maonyesho ya jibini hapa Sauvelarre, na kati ya meza ya mkate na zizi la kondoo akapotea. Anouk ana kisukari cha utotoni. Kalamu yake ya insulini ilibaki kwenye mkoba wa mama. Daktari wa watoto aliulizwa tangu jana mtoto huyo anaweza kukaa muda gani bila dawa, akajibu kwa sauti ya mtu anayechagua maneno: mpaka saa kumi na moja jioni ya Jumatatu, akipata maji na asipokula sukari. Baada ya hapo asiulizwe.

Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, tena wa ajabu. Kwenye maonyesho kulikuwa na shindano la kukisia uzito wa paja la nguruwe lililokaushwa. Unaandika jina lako na uzito kwenye kikaratasi, unatumbukiza ndani ya chungu. Mama mwenye meza alikumbuka mzee wa bereti aliyesahau miwani na kumwomba msichana mdogo amwandikie. Kengele ya kanisa ilikuwa inagonga saa tano, na muda mfupi baadaye gari dogo jeupe likaonekana likiondoka. Vasseur aliamuru chungu kimwagwe. Vikaratasi mia nne na kumi. Noémie Dartigue, mama wa Anouk, alivipitia kimoja kimoja mpaka akakifikia kile chenye saba iliyokatwa katikati kwa mstari mrefu mno.

"Huu ni mwandiko wake," alisema. "Mwalimu wake anamgombeza kila siku kwa hii saba."

Kilichoandikwa ni hiki: Cazedarré, kilo saba na gramu mia tatu arobaini.

Vasseur alifurahi aliposoma jina lile, na furaha hiyo itamsumbua muda mrefu. Lingekuwa jina la Martin au Bernard wangekuwa wamekwisha. Hili lilikuwa adimu. Askari Pelletan, kijana mwenye subira na kompyuta, alileta hesabu ya serikali ya watoto waliozaliwa na jina hilo, robo karne kwa robo karne: thelathini na wanne, kisha kumi na watano, kisha wanane, kisha watano, na tangu mwaka tisini na moja mmoja tu. Walio hai Ufaransa nzima ni kumi na mmoja. Katika bonde letu hakuna hata mmoja.

"Kumi na mmoja tunawamaliza kabla ya asubuhi," Vasseur alisema.

Vasseur ni mtu wa Kaskazini. Alikuwa na miezi saba tu huku kwetu, na alikuwa mpelelezi mzuri, simsemi vibaya. Alifanya kila kitu kama vitabu vinavyotaka. Hata kuficha jina lile alificha kama vitabu vinavyotaka, maana aliambiwa kwamba habari ikiingia bondeni saa moja, saa mbili imefika mpakani na Hispania. Redioni walitangaza mtoto, mzee na gari jeupe. Jina walilibana wenyewe. Laiti angelipiga kelele sokoni, tungemjibu kabla hajafunga mdomo.

"Bwana Cazedarré," alisema sasa, "mtoto anakufa. Sikutishi. Nakupa habari. Lourdiac ulifuata nini?"

Fabrice aliutazama mlango. "Mke wangu ataambiwa?"

"Mkeo ndiye tatizo lako leo?"

"Nilimwahidi nimeacha." Alijifuta jasho. "Miaka ishirini natafuta asili ya jina letu. Likizo zote, pesa za bafu jipya, kila kitu. Alipougua niliapa basi, sigusi tena rejista ya marehemu. Lakini kila Pentekoste naja Lourdiac. Babu yangu alitoka pale. Naulizia familia ya Cazedarré, nyumba kwa nyumba. Wananiambia hakuna watu hao. Wananicheka, nadhani. Narudi zangu."

"Thibitisha."

Alitoa simu. Picha ilikuwa ya makaburi ya Lourdiac, yeye mwenyewe kasimama kati ya misalaba kama mtu aliyepotelewa na mazishi. Saa tano na dakika nne, Jumapili. Kutoka makaburi yale mpaka kwenye paja la nguruwe ni nusu saa kwa gari. Pelletan aliichukua simu, akaipekua ndani na nje, akarudi.

"Ni ya kweli, afande. Haijachezewa."

Vasseur alitoka hadi korido. Pelletan akamfuata na orodha yake.

"Nisomee."

"Wawili Rouen, mama na mwana, walikuwa kwenye ubatizo. Mmoja Lyon, kitandani hospitali. Wanne Bordeaux, wote wameonekana na mashahidi. Bibi wa miaka tisini na mbili Nantes. Baharia yuko Brest, melini. Mmoja yuko gerezani, amefungiwa vizuri tu. Na huyu." Alikunja karatasi. "Wamekwisha, afande."

"Hawawezi kwisha. Mtu alisema jina hilo, mtoto akaliandika."

"Labda alidanganya."

"Mzee anayekisia uzito wa nyama anataka kushinda nyama. Anatoa jina la mtu atakayekuja kuichukua. Hakudanganya."

Mwisho wa korido, kwenye benchi, Noémie Dartigue alikuwa ameinua uso. Alikuwa hajalala, mkoba kaushikilia mapajani, na alizisoma nyuso zao kabla hawajamfikia.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye," Vasseur alisema.

"Basi mnatafuta nini sasa?" Sauti ilimkatika. "Dada yangu, niambie mnatafuta nini. Jana mliniambia jina litatuonyesha. Nimeomba usiku kucha kwa jina la mtu nisiyemjua!"

Vasseur alirudi chumbani, akamkuta Fabrice ameshafungua begi lake la ngozi na kupanga karatasi mezani, kama wafanyavyo wagonjwa wa ugonjwa huo wa kutafuta mababu wakiachwa peke yao dakika mbili.

"Chukua yote," alisema. "Sijui kama yatafaa. Hiki ndicho cheti cha kuzaliwa cha babu, mwaka themanini na tisa, karne ya kumi na tisa."

Vasseur alikisoma akiwa amesimama. Jean Cazedarré, mtoto wa nne wa Pierre Cazedarré, mkulima, amezaliwa Lourdiac katika nyumba ya Cazedarré.

Akakisoma tena.

"Mbona jina limeandikwa mara mbili?"

"La baba na la nyumba. Nyumba ya Cazedarré, yaani nyumba ya kina Cazedarré. Kwao."

"Umewahi kuitafuta hiyo nyumba?"

"Nitaitafutaje bila watu wake? Kwenye ramani haipo. Nimeangalia mara mia."

Vasseur alikunja cheti, akakitia kwenye koti. Halikuwa wazo, alikuwa hana pengine pa kwenda, basi. "Pelletan, wewe baki na mama. Mimi naenda Lourdiac."

"Ofisi ya kijiji imefungwa leo, afande. Sikukuu. Na katibu wao nilimpigia jana saa moja jioni, akasema hakuna."

"Nitamwuliza mimi."

*

Ofisi ilikuwa imefungwa kweli, na bendera imejikunja kwenye mlingoti. Mvua nyepesi ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mapaa. Vasseur alifuata harufu ya nyama ya kondoo na kelele za watu, akagonga mlango uliokuwa wazi.

Mezani walikuwa kumi na wanne, na sahani ya maharage ilikuwa katikati ya safari kutoka mkono hadi mkono. Odile Cambet, katibu wa kijiji, mama wa miaka hamsini na nne, aliinuka na kitambaa begani.

"Mama Cambet? Polisi, Sauvelarre."

"Yesu wangu. Mmempata mtoto?"

"Bado. Nina swali moja."

"Pentekoste hata serikali inakula, mama!" shemeji mmoja alipayuka kutoka upande wa chupa. "Kaa kwanza, utauliza na mdomo umejaa."

"Nyamaza wewe, Gaston," Odile alisema. "Uliza, mwanangu."

"Jina la Cazedarré."

Uso wa Odile ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyesumbuliwa kwa jambo dogo. "Hilo nilimjibu kijana wenu jana. Hatuna. Orodha ya wapiga kura naijua kuliko jiko langu. Hakuniambia ni ya nini, nikadhani ni mambo ya wale wa ukoo tena, wanaokuja kila kiangazi kutafuta mababu. Kuna mmoja wa Toulouse, maskini, kila mwaka analia makaburini."

"Hakuna hata mzee mmoja? Mjane? Mtu aliyewahi kuitwa hivyo?"

"Tangu kabla ya vita ya Hitler hakuna, kwenye rejista zangu."

Vasseur alishusha pumzi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Alitia mkono kwenye koti achukue funguo za gari, vidole vikagusa cheti, akakitoa kwa kuwa alikuwa ameshakitembeza njia yote ile.

"Basi na hii nyumba ndiyo ilishabomoka?"

Odile alisoma. Kisha akaangalia juu.

"Nyumba ya Cazedarré? Ibomoke kwa nini? Juu kule, nyuma ya kilima. Lucien anakaa pale."

Meza nzima iliacha kula.

"Lucien nani?"

"Lucien wa Cazedarré."

"Umesema hakuna mtu wa jina hilo!" Vasseur alipiga kelele, na glasi zikasikika.

"Kwenye karatasi ni Apestéguy! Lucien Apestéguy, ni Mbaski, si mtu wa bonde hili, alikuja kuoa pale mwaka sabini na moja!" Odile naye alikuwa anapiga kelele. "Mmeniuliza ukoo, nikajibu ukoo. Mngeniuliza nyumba! Kijana wenu amesema, 'Je, mna mtu yeyote mwenye jina la ukoo Cazedarré?' Hivyo hivyo, kama hakimu. Nikamjibu kama ofisi. Huku mtu anaitwa kwa nyumba anayolala, mama. Mtoto wa kwanza anabaki na nyumba, awe wa kike awe wa kiume. Wadogo wanaondoka na karatasi. Akibaki binti, mume anakuja na jina lake mfukoni, lakini kesho yake kijiji kizima kinamwita kwa nyumba. Mimi hapa ni Odile wa Loustau. Uliza Odile Cambet hapo nje, utaonyeshwa kituo cha basi kama mgeni aliyepotea."

Wale kumi na mmoja, kumbe, walikuwa wajukuu wa walioondoka. Jina kwenye karatasi lilishuka na wadogo mpaka Bordeaux na Rouen na huko likapungua, robo karne kwa robo karne, mbele ya macho ya Pelletan. Jina lenyewe halikuwahi kutoka bondeni. Lilikaa pale pale lilipoanzia, juu ya mlango, likisubiri mtu wa kulala ndani.

"Huyo Lucien," Vasseur alisema polepole. "Ni mzee? Ana bereti? Gari jeupe?"

"Miaka sabini na tisa." Odile alikuwa ameanza kupauka. "Gari jeupe, ndiyo, kila mtu ana gari jeupe. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Ana akili zake?"

Gaston ndiye aliyejibu, na utani ulikuwa umemtoka. "Tangu Kwaresima anachanganya. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la baba yangu."

"Jana alikuwa Sauvelarre?"

"Hakosi maonyesho," Odile alisema. Kisha akakaa chini. "Saa moja jioni. Kijana alinipigia saa moja jioni. Mngesema tu ni mzee amejiita Cazedarré, ningejua kabla hamjamaliza kusema. Ee Mungu. Usiku mzima."

"Panda gari. Utanionyesha njia."

*

Vasseur alizungumza na redio huku akiendesha. Alitaka helikopta, daktari, insulini. Wakamwuliza anwani.

"Njia ya Birika namba tisa," Odile alisema kando yake, mikono kaibana magotini. "Ndiyo anwani yake sasa. Miaka mitatu iliyopita tuliagizwa kila nyumba ipewe barabara na namba, majina ya nyumba tuyafute kwenye ramani. Nilizifuta mimi mwenyewe, nyumba sitini na nane. Eti magari ya wagonjwa yasipotee."

Redio ikajibu kwamba mawingu yamekalia bonde, rubani atajaribu kuzunguka kwa upande wa mashariki. Muda? Hawajui.

Njia iliacha lami, ikawa kokoto, ikawa matope. Odile alisema kwa sauti ndogo kwamba binti yake Lucien, Maïté, yuko Bordeaux na ana miaka hamsini. Kwamba mke alishafariki. Kwamba wakati wa Pentekoste barua haziletwi, basi hata mtu wa posta hajapita pale tangu Jumamosi. Vasseur aliangalia saa ya gari. Saa saba na dakika thelathini na tano. Zilibaki karibu saa tatu na nusu kufika muda aliotaja daktari. Alijiambia muda upo. Alijiambia kwa sauti, na Odile akamsikia.

Gari jeupe lilikuwa uani, tairi moja limezama kwenye matope mpaka katikati. Juu ya mlango, kwenye jiwe, jina lilikuwa limechongwa zamani sana na kumea kuvu.

Mzee mwenyewe alifungua. Mfupi, msafi, amenyoa, bakuli mkononi.

"Taratibu," alinong'ona. "Mtoto amelala."

"Lucien, baba," Odile alisema, "ni mtoto gani?"

"Unauliza nini wewe? Maïté, mtoto gani mwingine! Nilimchukua aje aone wanakondoo, tangu jana hataki kuamka aende shule."

Vasseur alikuwa ameshampita. Anouk alikuwa kwenye benchi ndefu kando ya meko, amefunikwa blanketi mbili, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa haraka, kifua kizima, kama aliyekimbia kupanda mlima. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Vasseur aliinama na harufu ikampiga, harufu ya matufaa yaliyooza.

"Anouk! Anouk, unanisikia?"

Kope zilitikisika, basi.

Mezani palikuwa na mtungi wa asali wa kilo moja, umebakiwa na vidole viwili vya asali, na sufuria ya maziwa. Vasseur aliutazama mtungi ule. Aliutazama muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Umempa hii?"

"Ana kiu, maskini," mzee alisema. "Maji anakunywa ndoo nzima na kiu haiishi. Nikaona anadhoofika. Nikampa maziwa na asali, kila alipoamka, usiku wote sikulala. Mama yake angemfanyia hivyo hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, tangu alipoanza kuumwa. Nampa na sasa." Akasogea na bakuli, kijiko tayari.

Vasseur aliupiga mkono wake. Hakukusudia kuupiga kwa nguvu namna ile. Bakuli liliruka, maziwa yakamwagika mpaka kwenye majivu, na mzee akabaki amekodoa macho. Kisha akaanza kulia wazi wazi.

"Odile, anamnyima mtoto maziwa! Mwambie! Nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa, Lucien. Njoo hapa. Njoo ukae na mimi." Odile alimkumbatia na uso wake mwenyewe ulikuwa umelowa. "Hujakosa kitu, baba."

Vasseur alimlaza mtoto ubavu, akamshika kichwa, akaongea na redio. Sauti ya daktari ilitoka imekatika katika: asipewe chochote mdomoni, asiachwe alale chali, aitwe jina lake. Akamwita. Alimwita jina lake labda mara mia. Hakuna kazi nyingine aliyokuwa nayo, na ilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kupewa.

Helikopta ilisikika baada ya dakika kumi na tisa. Ilitua kwenye malisho, kondoo wakatawanyika hadi ukutani, na daktari, mwanamke mrefu aliyeitwa Roque, akaingia mbio na wasaidizi wawili. Alimchoma mtoto kidole, akasoma kipimo, akakitikisa, akachoma kidole kingine. Hakusema namba.

"Niliambiwa ana mpaka saa kumi na moja," alisema huku akitafuta mshipa.

"Daktari wenu ndiye aliyesema."

"Alihesabu mtoto asiyekula sukari." Aliona mtungi mezani, akafahamu, na hakumwangalia mzee. "Mngefika jana jioni, angetembea mwenyewe mpaka kwenye helikopta. Shika hii chupa. Juu zaidi."

Walimbeba. Vasseur alikimbia kando ya machela akiwa ameinua chupa ya maji ya mshipani, matope yakimfika kwenye vifundo. Ndani ya helikopta msaidizi alimpa simu ya mle ndani, ile isiyohitaji minara. Upande wa pili alikuwa Pelletan, na kabla hajamaliza kusema "afande" simu ilinyakuliwa.

"Mmempata?"

"Tumempata, Noémie. Yuko na daktari."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ataishi?"

Vasseur alimwangalia daktari Roque. Daktari hakuinua kichwa.

"Sijui," Vasseur alisema. "Nisamehe. Sijui."

Sauti iliyofuata ilikuwa tofauti, ya mtu aliyepewa kazi.

"Weka simu sikioni mwake."

Vasseur alipiga magoti kwenye sakafu ya chuma, akaisukuma simu chini ya nywele zilizolowa jasho. Sauti ya Noémie ilivuja kidogo, akaisikia yote.

"Anouk. Mama huyu hapa. Tunachoma sindano sasa, kama kila asubuhi. Tunahesabu wote, nikifika kumi imeshatoka. Haya. Moja."

Midomo iliyopasuka ilisogea. Daktari Roque aliiona, akaganda na bomba mkononi.

"Mbili."

Midomo ikasogea tena.

"Tatu," mama alisema, na midomo ikajaribu, ikafika nusu.

"Nne." Hapo haikusogea. Daktari aliinamia kifua cha mtoto, akapaza sauti kwa rubani waondoke, waondoke sasa, na injini ikaanza kuunguruma. Vasseur alitaka kuivuta simu. "Usikate!" Roque alimfokea bila kugeuka. "Mwache aongee!"

Noémie alikuwa haoni kitu. "Tano," alisema. "Sita. Saba. Unafanya vizuri sana, mama. Nane. Tisa." Alipofika kumi akasita kidogo, akisubiri mtoto alalamike, kama afanyavyo kila siku ya Mungu sindano ikitoka. Hapakuwa na lalamiko.

"Haya, tunarudia," alisema, akaanza tena na moja.